Masikio ya Mama Limi

Umeme ulipokatika, Coletha alijua kwa nyayo. Sakafu ya ukumbi wa kufumia, iliyokuwa ikimtetemesha tangu asubuhi, ilitulia ghafla. Mashine zake zikasimama, nyuzi zikabaki zimekaza, kitambaa kikaacha kujiviringisha. Akainua macho haraka kutafuta midomo ya watu, asiuone hata mmoja. Aliona barakoa tu.

Barakoa hizo zilikuwa zimemnyima raha tangu zilipoletwa. Mashine zikiunguruma, hakuna mfumaji anayemsikia mwenzake. Wote huongea kwa midomo mipana isiyo na sauti, kwa mikono na kwa nyusi. Husengenyana hivyo kutoka ukuta hadi ukuta, hugombana hivyo, wengine wamechumbiana hivyo hivyo. Mgeni hujifunza kusoma midomo kabla hajajua kufunga fundo. Ndiyo maana masikio ya Coletha yalipokufa, yalikufa bila msiba. Hakuna aliyeona tofauti. Hata nje ya kiwanda aliwatazama watu mdomoni, akajibu, akacheka mahali pa kucheka. Mtaani kwake, hapo Shinyanga mjini, walimsifu kuwa ni mama anayejua kusikiliza.

Sasa mnunuzi mpya wa vitambaa alikuwa ametaka wafanyakazi wakingwe na vumbi la pamba, na midomo yote ikafunikwa. Mashine zikilia, kila mtu alikuwa kiziwi, na hapo Coletha alikuwa salama. Zikisimama, kiziwi alibaki yeye peke yake.

Telesphori, msimamizi wa zamu, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Barakoa yake ilipanda na kushuka. Alikuwa anasema jambo, tena jambo refu. Coletha akamtafuta Mwanaima, jirani yake wa mashine, mtu pekee aliyeijua siri yake. Umeme ukikatika, Mwanaima humsogelea na kumgusa mkono: mguso mmoja ndiyo, miwili hapana. Lakini Mwanaima alikuwa ametoka kwenda chooni.

Telesphori akageuka, akamtazama Coletha usoni, nyusi juu. Lilikuwa swali.

Katika ukumbi ule mtu akikutazama nawe ukabaki unamkodolea macho bila kutikisa kichwa, umemdharau. Kichwa ndicho salamu, ndicho asante, ndicho nimeelewa. Coletha akatikisa kichwa: ndiyo.

Mikono ikaanza kupiga makofi pande zote. Aliitazama ikikutana na kuachana, asijue inampigia kwa lipi.

Umeme uliporudi, Mwanaima alimvuta nyuma ya marobota, akashusha barakoa yake kidevuni. Hakutoa sauti, hawakuwa na haja nayo.

"Umekubali nini, wewe mwanamke?"

"Sijui. Nimekubali nini?"

"Mlangoni wanacheka, wananiambia shoga yako shujaa. Kesho analetwa nesi wa kupima masikio. Telesphori kauliza nani ataanza, watu wote wakaangalia viatu vyao. Wewe ukatikisa kichwa kama bibi harusi!"

"Masikio?"

"Masikio, Mama Limi. Hayo hayo usiyokuwa nayo."

Mwanaima akaendelea, midomo ikienda mbio: asiyesikia ataondolewa kwenye mashine, kwa usalama wake. Ndivyo Telesphori alivyosema. Ataondolewa, na mashine zake zitapewa watu wa kampuni ya vibarua.

Pale kiwandani kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote, na hakuna meneja aliyewahi kuigusa, hata baada ya kiwanda kufungwa, kukaa na popo na kufunguliwa upya. Mfumaji anayeondoka kwa heri humkabidhi mashine zake mtu wake mwenyewe. Humshika mkono, humsimamisha kati ya mashine, na kuanzia hapo nafasi ni ya huyo. Coletha alisimamishwa hivyo na mama yake mzazi, Evelina. Lakini mfumaji aliyeondolewa hana wa kumkabidhi.

Coletha alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi huo, na mashine zake alikuwa amemwekea Limi.

Limi, mwanawe wa pekee, alikuwa Kharumwa kwenye karasha, mahali wanaposaga mawe ya dhahabu. Kazi yake ilikuwa kuchanganya ule unga na zebaki ndani ya beseni, kwa mikono mitupu, kisha kuichoma juu ya mkaa mpaka ibaki dhahabu. Alipokuja Pasaka, Coletha alimwona akishindwa kutia uzi kwenye sindano. Mikono ilitetemeka. Limi aliiweka chini ya mapaja, akasema ni baridi. Joto la siku ile lilikuwa limewafukuza kuku hadi uvunguni.

"Hana mwezi mwingine wa kukaa kule," Coletha alisema. "Mikono ikiharibika zaidi, hata fundo hatafunga."

"Najua," Mwanaima akasema. "Sasa kesho utafanyaje?"

Coletha akapandisha barakoa. Alirudi kwenye mashine zake, na siku nzima uzi uliokatika aliuona akiwa amechelewa.

*

Nesi aliitwa Sesilia. Alikuwa msichana mwenye nywele fupi, na alikuwa ameshusha barakoa ili aeleweke. Coletha akashukuru Mungu kwa hilo moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Utaingia humu kibandani, uvae hizi masikioni. Ukisikia mlio, hata mdogo kama wa mbu, bonyeza kitufe. Usipousikia, usibonyeze. Ni hivyo tu."

Coletha hakukumbuka mbu analiaje. Aliwajua kwa vipele asubuhi. Akaingia, mlango ukafungwa, akakaa na kitufe mkononi na jasho likimtiririka mgongoni. Kibanda kilikuwa na kidirisha cha kioo. Ng'ambo ya kioo Sesilia aliinama juu ya chombo chake.

Hakukuwa na mlio wowote. Kulikuwa na kile kimya chake cha kila siku, kizito kama pamba mbichi. Atabonyeza lini? Akibonyeza ovyo, ataonekana. Asipobonyeza, ataonekana. Akilini alimwona Limi ameinamia beseni. Kidole gumba kikaanza kumuuma kwa kukaza.

Ndipo alipoona. Kila Sesilia alipogusa chombo, bega lake la kulia lilishuka kidogo, kidogo mno, kisha macho yakapanda kumtazama aliyemo kibandani. Bega, macho. Akatulia. Tena bega, macho.

Maisha yake yote Coletha alikuwa amesoma nyuso. Bega likashuka, akabonyeza. Likashuka tena, akabonyeza. Likakaa muda mrefu bila kushuka, naye akasubiri. Likashuka. Akabonyeza.

Alipotoka, Sesilia alikuwa anatabasamu. "Mama, una masikio ya mtoto mchanga! Sijawahi kuona mtu wa kiwandani mwenye masikio kama haya."

Telesphori alikuwa mlangoni. Akashusha barakoa kwa furaha. "Si niliwaambia? Wafumaji wa zamani ni chuma. Mama Limi, mwite binti yako aje aone kazi. Kesho aje."

Coletha alitikisa kichwa. Nje, akajificha nyuma ya tangi la maji. Kisha akatoa simu na kumwandikia Limi: Njoo na nguo zako zote. Limi alizoea kuandikiwa. Mara nyingi alilalamika kwamba mama yake hapokei simu, anamwandikia maneno machache machache kama bosi.

*

Kesho yake mchana, walipotoka kwa chakula, Telesphori aliwakusanya uani chini ya paa la bati. Nje hakuna vumbi, midomo yote ilikuwa wazi, na Coletha aliona kila neno.

"Majibu yametoka. Ukumbi wetu wengi masikio ni mabovu. Wengine mabovu sana. Sasa najua mtasema mashine. Mmeshaanza kusema mashine." Akanyoosha mkono. "Mama Limi, simama."

Akasimama.

"Huyu amekaa kwenye mashine kuliko mtu yeyote hapa. Masikio yake mazima! Mazima kabisa! Ingekuwa ni mashine, angepona huyu? Basi mtu asituletee maneno. Masikio hayo mmekuja nayo kutoka nyumbani, au mnayatoboa kwa njiti za kiberiti, sijui. Kiwanda hakihusiki. Walioandikiwa wasikae mashineni, wiki ijayo wapumzike."

Vichwa vikamgeukia Coletha. Hakuwahi kutazamwa na ukumbi mzima kwa macho yale. Mzee Ngusa, fundi mitambo ambaye amekuwa akipiga kelele anapoongea tangu Coletha ni msichana, alitema mate chini akaondoka.

Mwanaima alikuwa ameketi kwenye ngazi, chakula kiko mapajani, hajakigusa. Coletha akamsogelea.

"Na wewe?"

"Sikio la kushoto limekwisha. La kulia linaelekea huko huko." Mwanaima akamtazama. "Ulifanyaje, wewe? Ulimroga nesi?"

"Nilimsoma bega."

Mwanaima akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, halafu kicheko kikaisha na mkono ukabaki pale pale. Alipoutoa, midomo ilikuwa imekaza.

"Hongera, masikio ya sungura. Mimi nitauza dagaa. Nitakaa sokoni watu waniulize bei nami niwatolee macho."

"Mwanaima."

"Sijakulaumu. Ingekuwa wangu yuko kule kwenye zebaki, ningefanya hivyo hivyo. Ningemsoma nesi hadi utumbo." Akasimama, akafunga kontena lake la chakula. "Ila usinifuate sasa hivi. Niache kwanza."

Kengele ikapigwa, Coletha alijua kwa kuona watu wakiinuka.

Alirudi mashineni. Mikono ilifanya kazi, akili haikuwepo. Alimkumbuka mama yake, Evelina. Nyumba yao ilijulikana mtaa mzima kwa redio; majirani walisikiliza taarifa ya habari bila kuwasha za kwao. Mama alikuwa akipiga kelele hata akisali rozari. Walisema ni uzee. Alikuwa bado ananyonyesha mtoto wa mwisho.

Kitu kikapita pembeni ya jicho. Telesphori alikuwa ameingia kutoka mlango wa mbele, na nyuma yake alikuwa Limi, na vumbi la njia ya Kharumwa kwenye nyusi.

Coletha akainua mkono kumpungia. Limi hakuona. Alipovuka kizingiti tu, mwili wake ulirudi nyuma kana kwamba amepigwa kofi. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Macho yakafumba, meno yakaonekana, mabega yakapanda hadi mashavuni. Telesphori akacheka, akamvuta mbele. Limi akaja hatua fupi fupi, viganja vimegandamizwa kichwani, na vidole vyake vikitetemeka juu ya nywele.

Coletha aliuachia uzi uliokuwa mkononi.

Kelele. Alikuwa amesahau kwamba kuna kelele. Kwake ukumbi ule ulikuwa mahali pa kutetemeka tu, pa mwanga na vumbi. Sasa aliiona kelele yenyewe ilivyo, kwenye uso wa mwanawe, kubwa, imekaa pale siku zote ikila watu. Ilimla mama yake, ikamla yeye, inamla Mwanaima. Na yeye alikuwa amedanganya ili Limi asimamishwe katikati yake, tena kwa jibu linalosema kwamba kelele hiyo haiumizi mtu.

Limi alifungua macho akamwona. Akajaribu kutabasamu na masikio yameshikwa.

Coletha akaizima mashine ya kwanza. Akaizima ya pili. Telesphori akaja mbio bila barakoa, midomo ikiuliza kuna nini. Akazima na nyingine zote. Akampita Telesphori, akamgusa Limi begani na kumwonyesha mlango, atoke, akasubiri nje getini. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha nesi.

*

Sesilia alikuwa anafunga vifaa.

"Nipime tena," Coletha akasema.

"Mama, wewe si ulishapita? Vizuri kabisa."

"Geuza kiti. Nikae nimekupa mgongo."

Msichana akasimama na waya mkononi. Akamtazama. Kisha akachukua faili, akaliinua mbele ya mdomo wake, na faili likatikisika kidogo kwa pumzi. Lilitikisika, likatulia. Coletha alibaki anatazama lile faili.

Sesilia akalishusha. Uso ulikuwa umebadilika. "Nimekuuliza unaitwa nani," akasema polepole.

Telesphori alikuwa ameshaingia. "Mama Limi, toka. Majibu yako yameshaandikwa. Binti yupo nje, kazi ipo. Unatafuta nini?" Akageukia nesi. "Amechoka huyu. Achana naye."

"Telesphori, mwanangu," Coletha akasema. Hakumzaa, ila alimwita mwanangu kwa haki yake. Alimfundisha kazi akiwa kijana wa kufagia. "Mara ya kwanza nilimtazama bega. Sijasikia kitu. Uliyemsimamisha mbele ya watu pale uani si mimi."

"Ukifanya hivi umejiondoa mwenyewe. Unanielewa? Mimi sitakusaidia. Mashine zinakwenda kwa vibarua."

"Nimekuelewa. Leo hujavaa barakoa."

Sesilia aligeuza kiti. Coletha akaingia kibandani akakaa ameuelekea ukuta wa mbao. Akapewa kitufe. Mlango ukafungwa.

Alisubiri. Mbele yake kulikuwa na misumari na fundo la mbao. Nyuma yake, alijua, bega lilikuwa linashuka na macho yanapanda. Kidole gumba kilimwasha. Mara kadhaa kilitaka kubonyeza chenyewe, kwa mazoea ya kujibu, kwa ile adabu ya ukumbini. Akakibana kwa mkono mwingine. Aliogopa kuliko siku ya kwanza, maana siku ya kwanza kulikuwa na kitu cha kufanya.

Mkono ukamgusa begani. Sesilia alikuwa amefungua mlango. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tumemaliza muda mrefu, mama. Nilikuwa naita."

Akamwonyesha jibu la kwanza, akalipiga mstari, akaandika jipya mbele yake na mbele ya Telesphori. Akasema taarifa yake itaeleza ukumbi wote wa kufumia, na kwamba sasa hakuna hata mfumaji mmoja wa siku nyingi aliyebaki na masikio mazima. Itakakopelekwa watafanya nini nayo, yeye hajui. Telesphori alitoka bila kufunga mlango.

Mwanaima alikuwa kwenye korido. Alikuwa ameona yote. Akamshika Coletha mkono, akamgusa mara moja.

*

Limi alikuwa kwenye benchi la mlinzi, begi kati ya miguu.

"Mayu," Limi akamwambia mama yake, "bado masikio yananililia. Kelele zile unazivumiliaje?"

"Sizivumilii. Sizisikii." Akaketi pembeni yake. "Limi, sina mashine za kukupa. Nilikuwa nazo asubuhi. Sasa sina."

Uso wa Limi ukafunga. Akainuka, akampa mgongo, akaikabili barabara. Mabega yalimpanda na kushuka, mkono mmoja ukarushwa hewani. Alikuwa anasema, tena anasema kwa hasira, labda kuhusu karasha aliyoiacha, labda kuhusu nauli, labda kuhusu mama anayeita mtu kwa maneno machache kama bosi. Mlinzi akainamisha kichwa kwa aibu. Coletha alisubiri.

Limi akageuka. "Mbona hunijibu?"

"Sema ukinitazama."

Mwanawe alishusha mkono. Akamtazama mlinzi, akamtazama mama yake, akarudi taratibu akachuchumaa mbele yake.

"Tangu lini?"

"Ulikuwa darasa la nne. La tano, huenda."

Akamwona Limi akirudi nyuma kichwani mwake, mwaka baada ya mwaka.

"Ile siku ya homa," Limi akasema. "Nilikuita. Nilikuita sana kutoka chumbani."

"Nilikukuta sakafuni kulipokucha."

"Nilijua umekataa kuja."

"Sikusikia, mwanangu. Sikusikia, ng'wana wane."

Limi aliweka paji la uso kwenye magoti ya mama yake. Coletha akamshika viganja. Vilitetemeka ndani ya vyake kama vifaranga, havikuacha hata alipovibana. Kesho itabidi wapande gari waende Kolandoto hospitali, akafikiri, mikono hii itazamwe. Baada ya hapo hakuona kitu. Kwa mara ya kwanza tangu awe msichana, hakuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Limi akainua kichwa, akafuta pua kwa bega.

"Basi Jumatatu nitarudi Kharumwa. Wananijua, watanipokea."

Aliyasema polepole, midomo wazi, kila herufi mahali pake.

"Sijasikia," Coletha akasema.

"Nimesema nitarudi Kharumwa."

"Sijasikia."

"Mayu! Umeona. Nakutazama, umeona kabisa!"

"Masikio yangu mabovu, yameandikwa na nesi. Muulize." Akainuka, akalinyakua begi na kulitia begani mwake kabla Limi hajalifikia.

Limi akalishika mkanda. Wakavutana pale getini, mlinzi akijifanya anatazama kufuli. "Nitarudi," Limi akasema, na kona ya mdomo wake ikaanza kumsaliti. "Nitarudi, nitarudi, nitarudi Kharumwa."

Coletha aligeuza uso upande wa pili, asione midomo, akaanza kutembea.